Kipimajoto cha Meli Tupu

Saa tatu asubuhi ukungu wa Tukuyu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai, na Bupe Mwakatobe alikuwa ameshaanza kusoma makapi.

Ndivyo walivyoviita pale Kituoni vipimo vilivyokataliwa. Kila baada ya dakika kumi, meli elfu moja na mia tisa zilizotawanyika Bahari ya Hindi zilituma habari za hewa ya mahali zilipo: joto, unyevu, mgandamizo, upepo, urefu wa mawimbi. Mtambo waliouita Chekeche ulikilinganisha kila kipimo na vya meli za jirani, na kilichopishana mno na wenzake ulikitupa kando. Vilivyobaki ndivyo vilivyotoa utabiri wa mvua na tufani kwa pwani nzima, kuanzia Kismayu hadi Beira. Makapi hayakuwa na msomaji. Bupe aliyasoma kwa hiari yake, kwa sababu miaka kumi na mmoja ya kazi ilimfundisha kwamba kipimo kibaya nacho kina sababu. Mara ndege kajenga kiota kwenye kisanduku cha kipimajoto. Mara baharia kaanika nguo juu yake. Hakuwahi kukanyaga meli maishani mwake, lakini alizijua tabia zake kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi.

Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka likizo ya wiki moja, na makapi yalikuwa yamelundikana.

Meli namba 4471 ilisema joto la hewa ni nyuzi 38.4. Meli tatu zilizokuwa karibu nayo zilisema 25.

"Jua limepiga kisanduku," alijisemea, akataka kuendelea. Kisha akaangalia unyevu.

Kipimajoto kikipigwa na jua, hewa inayokizunguka hukauka, unyevu ukashuka. Hapa unyevu ulikuwa umepanda hadi mia kwa mia. Joto na majimaji kwa pamoja. Akarudi nyuma siku moja, siku tatu, siku saba. Kila siku tangu Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kipimo kiliruka: 36.6, 36.8, 36.7. Kilikaa hapo dakika kumi, kikashuka tena kwenye joto la kawaida la bahari. Wiki nzima hakikuvuka thelathini na saba hata mara moja. Ila jana jioni kilisema 37.9, na leo asubuhi 38.4.

Bupe aliweka kikombe cha chai mezani. Akaingiza mkono ndani ya sweta, akaubana kwapani, akatulia hivyo kwa muda akiutazama mstari wa vipimo kwenye kioo cha kompyuta.

Kulikuwa na mtu. Mtu alikuwa anakibana kipimajoto kwapani mara tatu kwa siku, na sasa mtu huyo alikuwa na homa.

Lakini 4471 ilikuwa meli pweke. Siku hizi meli tisa kati ya kumi zilikuwa hivyo: hazina nahodha, hazina mabaharia, hazina hata godoro. Hutoka bandarini zenyewe, huenda polepole kuokoa nishati, hufika zenyewe. Maelezo ya usajili yalisema wazi: watu melini, sifuri.

*

Mhandisi Shekimweri, mkuu wa Kituo, alikuwa mtu wa Korogwe aliyeishi Tukuyu miaka ishirini bila kuizoea baridi yake. Alimpokea Bupe akiwa amejifunika shali mabegani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Bupe alimwekea karatasi mezani. Mzee alisoma mara moja tu. Naye alikuwa mpimaji zamani.

"Huyu anaumwa," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Tumwandikie mwenye meli. Sasa hivi."

Hawakumjua mwenye meli ni nani. Barua kama hizo zilipitia kwenye mtambo ulioficha majina ya pande zote mbili. Waliandika kwamba kuna dalili za mtu ndani ya 4471, mgonjwa, na wakaomba meli isimamishwe. Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini:

*Meli haina mtu. Wote waliofanya kazi bandarini walihesabiwa wakitoka. Kipimajoto kina hitilafu na kitazimwa kesho saa sita mchana kisiendelee kuwasumbua. Ahsanteni kwa umakini wenu.*

Waliandika tena. Jibu lilikuwa lile lile, hata nukta hazikubadilika.

"Kisiendelee kutusumbua," Bupe alirudia. "Mzee, nipe kibali niwape Kikosi cha Uokoaji mahali ilipo."

Shekimweri aliinuka akaenda dirishani.

Kila mfanyakazi wa Kituo alikuwa amekula kiapo cha Ahadi ya Kinyago. Miaka ishirini na mitatu nyuma, maharamia walikuwa wamejifunza kuzisoma ripoti za hewa, wakajua meli ipi iko wapi, wakaziteka moja baada ya nyingine. Wenye meli wakazima vipimo vyote kwa siku moja. Waliporudi, walirudi kwa sharti: meli itavaa namba badala ya jina, na mahali ilipo hapatatajwa nje ya Kituo, kwa mtu, kampuni wala serikali yoyote, mpaka siku saba zipite. Kwa sababu yoyote ile.

"Unajua mwaka ule meli ziliponyamaza nilikuwa wapi?" Mzee aliuliza bila kugeuka. "Nilikuwa Kilwa. Tufani ilikuja tukiwa hatuna kipimo hata kimoja kutoka baharini. Tulitabiri manyunyu. Bupe, niliandika kwa mkono wangu: manyunyu. Kesho yake nilikuwa nafukua watu kwenye shule. Watu mia nne na kumi."

Sasa Mzee aligeuka akamtazama.

"Ukitoa siri ya meli moja, kila mwenye meli atajua siri zinatoka. Watazima tena. Wewe unaniambia habari za mtu mmoja, mimi nakuambia habari za mia nne."

"Nimekusikia, Mzee. Wala sisemi umekosea." Aliigusa ile karatasi mezani. "Lakini mtu huyu anasema nasi mara tatu kwa siku. Wiki nzima nilikuwa likizo, hakujibiwa. Leo nimemsikia. Nikienda nyumbani nikalala, nitakuwa nimemjibu kwamba hayupo."

"Siwezi kukuruhusu."

"Sikuja kuomba ruhusa tena. Nimekuja kukuambia mapema, usije ukasikia kwa mwingine."

"Nitakusimamisha kazi."

"Ndiyo, Mzee."

Shekimweri angeweza kumnyang'anya kadi yake pale pale. Mkono wake ulifika hata kwenye meza, karibu na simu ya walinzi, ukaishia hapo.

"Weka jina lako," alisema hatimaye. "Usiweke la Kituo."

*

Kikosi cha Uokoaji kilikuwa mbali mno hata hivyo. Boti zake zisingefika kusini mwa Visiwa vya Chagos kabla ya siku tano. Bupe aliitazama ramani. Maili mia na themanini kaskazini mwa 4471 palikuwa na namba 0932.

Hiyo aliijua. Ilikuwa moja ya meli chache zenye watu, na mpimaji wake alikuwa na mazoea ya kuongeza maneno kwenye sehemu ya maelezo, ambayo wengine huiacha wazi. *Mawingu ya juu, membamba, kama pamba iliyochambuliwa.* Siku nyingine: *Bahari imetulia, alhamdulillahi.* Kwa miaka minne Bupe alikuwa anamsoma mtu huyo bila kumjua, na mara mbili alimwandikia kumwambia barometa yake inasoma juu kidogo.

Akaandika:

*Kwa mpimaji wa 0932. Naitwa Bupe Mwakatobe, mkaguzi wa vipimo, Tukuyu. Nakwandikia kwa jina langu, si kwa jina la Kituo. Kuna meli pweke kusini yako na naamini ndani yake yumo mtu mwenye homa. Mwenye meli hakubali. Nikikupa mahali ilipo, nitakuwa nimevunja kiapo, nawe ukienda utakuwa umeshiriki. Ukikataa sitakulaumu.*

Jibu lilikuja kabla hajamaliza kusoma tena alichokiandika.

*Dada, mimi ni Athman Famau, nahodha, mtu wa Pate. Tumebeba mchele wa kwenda Morisi, tuko watu kumi na saba. Lete mahali. Nimeshaanza kugeuza.*

Bupe alimtumia latitudo, longitudo, mwelekeo na mwendo. Kisha akaandika tangazo fupi kwa wenye meli zote elfu moja na mia tisa, akieleza alichokifanya na kwa nini, akaweka jina lake chini. Hakutaka wasikie kwa uvumi.

Kesho yake asubuhi, kipimajoto cha 4471 kilisema 39.3. Famau aliandika kwamba mawimbi yamewapunguzia mwendo, watafika saa saba na nusu. Saa sita kamili namba ya joto ilitoweka kwenye kioo, pakabaki kistari. Mwenye meli alikuwa ametimiza neno lake.

Saa moja na nusu nzima Bupe alikaa akikitazama kile kistari. Wenzake walipita nyuma yake polepole. Mmoja alimwekea kipande cha gimbi la kuchemsha kwenye sahani, kikapoa bila kuguswa.

Saa saba na dakika arobaini ikaja picha. Mtu mwenye ovaroli ya chungwa alikuwa ameegemea mlingoti mweupe juu kabisa ya sitaha, miguu imenyooshwa, mkono wa kulia umezungushiwa kitambaa kilichokauka damu. Alikuwa ameuinua ule mwingine. Famau alikuwa ameitangaza picha hiyo kwenye redio ya wazi, kwa kila meli yenye kusikia, na robo saa baadaye mwenye meli akaisimamisha ile meli pweke katikati ya bahari.

Muda si mrefu yakafuata maneno: *Yu hai. Jina lake Burhani Mkwepu, fundi wa makontena ya baridi. Tumempa dawa na uji. Anauliza nani alimsoma.*

Bupe alijifunika uso kwa viganja. Alipoinua kichwa, Mzee Shekimweri alikuwa amesimama mlangoni na barua ya kumsimamisha kazi mkononi. Alimpa barua. Kisha akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu.

*

Wiki ya kwanza meli mia mbili zilizima vipimo. Wiki ya tatu zilikuwa mia nne ishirini na nane.

Bupe alizihesabu kwa njia ya redio, akiwa kwa mama yake, akipalilia migomba. Mtangazaji alianza kuongeza maneno ambayo hayakuwapo zamani: kutokana na uchache wa vipimo vya baharini, utabiri huu una mashaka. Kila alipoyasikia, jembe lilimwia zito. Siku moja walitabiri bahari tulivu Lindi, ukavuma upepo mkali uliozamisha mashua mbili. Watu wake waliokolewa wote. Lakini Bupe hakula chakula siku hiyo, na mama yake hakumlazimisha.

Baraza la Ahadi lilikaa Septemba. Manahodha na wenye meli mia tatu walikutana kila mmoja kwenye kioo chake, na vinyago vyao vikiwa namba tupu. Mwenye 4471 alizungumza kwanza. Alisema Ahadi ilivunjwa, na hilo hakuna aliyeweza kulikana. Wengi waliunga mkono.

Kisha akaitwa Mhandisi Shekimweri.

"Mimi nilimkataza," alisema. "Nilimkataza kwa sababu nilikuwepo Kilwa, na mpaka leo naamini sababu yangu ilikuwa nzuri. Lakini nimejiuliza: Ahadi hii tuliiweka ili nini? Tuliiweka ili watu walio baharini wasiuawe. Alikuwepo mmoja baharini, na karatasi yetu ndiyo iliyotaka kumuua. Nilikosea. Msifute Ahadi. Ongezeni mstari mmoja."

Baada yake namba 0932 ikawaka, na badala ya namba ukatokea uso wa mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kitambaa.

"Naitwa Athman Famau. Ndiyo mimi niliyekwenda. Mimi nina watu kumi na sita melini, na wote wana mama zao. Nimewauliza: mngependa tutume vipimo kwa mahali pasipojua kututafuta, au kwa mahali penye mtu anayesoma? Wakanijibu. Basi mimi sizimi."

Walibishana kwa siku mbili. Mwishowe mstari uliongezwa: palipo na dalili ya mtu hatarini, mahali meli ilipo patapewa meli iliyo karibu na wala si mwingine yeyote, kwa sahihi ya watu wawili, na meli zote zitajulishwa ndani ya saa moja. Ulipita kwa tofauti ya kura kumi na tisa tu.

Meli zilianza kurudi. Hazikurudi zote: sitini na mbili, zikiwamo 4471 na nyingine za mwenye meli huyo, hazikutuma kipimo tena. Lakini meli za uvuvi kutoka Komoro na Madagaska, ambazo hazikuwahi kujiunga kwa kuamini kwamba Kituo ni cha wakubwa, ziliomba namba. Kufikia Novemba, msimu wa tufani ulipokaribia, meli zilizokuwa zikituma zilikuwa elfu mbili na kumi. Bupe aliitwa kazini kwa barua ya mistari miwili, na yeye ndiye aliyepewa sahihi moja kati ya zile mbili.

*

Burhani Mkwepu alikuja Tukuyu mwezi huo huo, pamoja na mkewe Somoe, wakiwa wamevaa makoti ya kuazima. Walikuwa wametoka Mikindani, na Somoe alitetemeka tangu getini.

"Dada, nyie mnaishije huku?" aliuliza, Bupe akacheka na kuwapeleka jikoni kwenye moto.

Burhani alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kovu refu kiganjani. Alieleza mambo bila kuyatia chumvi. Alikuwa akitengeneza kontena la maparachichi ndani kabisa ya meli. Joto lilimzidi, akamwachia mwenzake koti. Mwenzake akatoka nalo, kadi ikiwa mfukoni, na geti likahesabu kadi. Meli ikaondoka. Alikunywa maji yanayodondoka kwenye mashine za baridi, akala maparachichi. Kiganja kilichanika alipojaribu kuvunja mlango wa chumba cha mitambo.

"Na kipimajoto?" Bupe aliuliza. "Wazo hilo ulilipata wapi?"

"Kazini. Kontena la baridi likipanda joto hata nyuzi mbili, simu inalia, mtu anakuja juu akifoka. Nikakiona kile kisanduku cheupe kwenye mlingoti, nikasema, hiki nacho kina mtu wake. Nikikifanya kiseme uongo, mtu huyo atakasirika, atanitafuta." Akatabasamu. "Nilidhani atakasirika siku ya pili."

"Nilikuwa likizo," alisema Bupe. "Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Ila maparachichi yenu ya Rungwe sitayala tena mpaka nife."

Baada ya chakula aliomba aone alichokiandika. Bupe aliwapeleka Kituoni, akawafungulia mstari wa 4471. Burhani alisogea karibu na kioo, akiufuata ule mstari kwa kidole: vilima vidogo, vitatu kila siku, vikipanda mwishoni.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Somoe aliweka mkono begani kwa mumewe.

"Na hewa yenyewe saa hizo ilikuwaje?"

"Hatujui," alisema Bupe. "Uliposhika kipimajoto kilikupima wewe. Kwenye kumbukumbu zetu sehemu hiyo ya bahari ina matundu ishirini na matano."

"Basi nimewaharibia kazi."

"Matundu tu. Tumeyazoea."

Burhani alifikiri kidogo. "Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa natazama. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Naweza kukuambia."

Bupe alimwangalia. Kabla ya mitambo, vipimo vyote vya baharini vilikuwa hivyo: mtu kasimama kwenye sitaha, akatazama, akaandika. Fomu zake zilikuwa bado zinatambulika. Akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya.

"Siku ya pili, saa mbili asubuhi," alisema. "Mawingu?"

"Machache. Madogo madogo, chini, yamepangana. Upepo ulikuwa wa kusi, ulikuwa unanipiga shavu la kulia nikitazama mbele ya meli."

"Mawimbi?"

"Kimo cha mtu."

"Una hakika?"

"Mtu kama mimi, siyo kama wewe."

Somoe aliangua kicheko. Bupe aliandika: mita moja na nusu. Walikwenda hivyo siku baada ya siku, naye akimuuliza maswali anayowauliza wapimaji wote, akirudia, akilinganisha na meli za jirani. Mvua ya siku ya tano ilikubaliana nazo. Ukungu wa siku ya saba, ambao hakuna meli nyingine iliyouona, aliuliza mara tatu, kisha akauandika.

"Siku ya tisa?"

Burhani alitikisa kichwa. "Siku ya tisa sikuona kitu, dada. Nilipanda, nikakibana, nikafumba macho. Nisikudanganye."

"Vizuri," alisema Bupe, akaandika: *hakuona.* Lilikuwa jibu zuri la mpimaji kuliko yote aliyowahi kupewa. "Ya kumi?"

"Ya kumi asubuhi, mbingu nyeupe pande zote. Upepo umelegea. Bahari imelala kama shuka." Macho yake yalikuwa yameacha kioo, yako mbali. "Mchana, upande wa kaskazini, meli. Moja. Inakuja."

Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Bupe aliliandika kwenye sehemu ya maelezo, neno kwa neno, akaupitisha ukurasa wote uwe kipimo halali.